Sun City kwa sisi tusiocheza kamari: ulale wapi, ule wapi

Jamani tangu turudi Mtwara watu wananiuliza swali lile lile, dukani, msibani, mpaka Feri nikienda kununua samaki, eti Sun City, ile resoti yenye kasino ya Afrika Kusini, ikoje na je ni sehemu ya kumpeleka mzazi. Nimeona bora niandike yote kwa kituo mana kila mtu namhadithia nusu nusu. Jibu fupi ni ndio, mpeleke, ila usiseme tu nataka Sun City ukalipa kwa kuangalia picha ya bwawa, kwa sababu ile sio hoteli moja, ni hoteli nne tofauti ndani ya geti moja, na starehe ya mtu mzima inategemea umelala jengo gani na asubuhi unapita wapi kwenda kunywa chai.

Tulienda mimi na baba watoto, wanetu, na mama yangu mzazi. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, hali nyama asiyojua imechinjwaje, na kamari kwake ni haramu hata kuisogelea. Mashemeji walishangaa sana, kwamba mnampelekaje bi mkubwa kwenye kasino. Lakini ukweli ni kwamba hizi resoti kubwa zenye kasino ndo zina majiko makubwa, vitanda vizuri, bustani zinazotunzwa na watu wa kuhudumia usiku kucha, na hakuna anayekulazimisha kuigusa mashine. Cha msingi ni kuchagua ukijua kwamba wewe umefuata kula na kulala, basi.

Kwanza binamu wa mume wangu anayeishi Marekani alitaka twende kwao, tufikie Las Vegas. Nikakaa nikasoma sana kuhusu kule na nimejifunza vitu ambavyo vinasaidia hata ukienda kwingine. Kule chakula na kamari vimeoana zamani, hoteli ya El Rancho Vegas ndo inatajwa kuanzisha bufee miaka ya 1940, chakula kingi kwa bei ndogo ili mcheza kamari asitoke nje kutafuta kula. Baadae mambo yakageuka, 1992 mpishi maarufu Wolfgang Puck akafungua mgahawa wake Spago pale hoteli ya Caesars, 1998 ikaja hoteli ya Bellagio na chemchemi zake, na siku hizi hoteli za ule mtaa mkubwa zinaingiza hela nyingi zaidi kwenye vyumba, chakula na maonyesho kuliko kwenye kamari yenyewe. Yani mtu asiyecheza ndo mteja mkubwa saivi, kwahiyo usijione mgeni wala usione aibu.

Ila Vegas kwa mama yangu hapana. Hoteli ya MGM Grand peke yake ina vyumba zaidi ya 5,000, sasa hebu fikiria mtu wa magoti anatoka kwenye lifti mpaka kwenye meza ya chai, huo mwendo ni kama kutoka Ligula kwenda sokoni. Alafu kuna ile ada ya resoti wanayoongeza kila usiku juu ya bei ya chumba, miaka mingi ilikuwa inajificha mpaka dakika ya mwisho, tangu Mei 2025 ndo sheria ya kule inawabana waonyeshe bei nzima toka mwanzo. Na moshi wa sigara ndani, mana kasino nyingi za kule zinaruhusu, Park MGM ndo walipiga marufuku jengo zima mwaka 2020. Kama una ndugu kule na viza imekubali na una mtoto mwenye pumu, anzia hapo Park MGM. Sisi viza tu ilitutoa.

Hilo la moshi silisemi kwa kusoma tu. Kabla ya hapo mimi na mume wangu tuliwahi kulala hoteli moja yenye kasino kwenye mji mkubwa, siitaji jina, alikuwa na shughuli za biashara ya korosho nikamfuata. Mapokezi yanang'aa, marumaru, maua, mpaka ukaogopa kukanyaga. Asubuhi nashuka kunywa chai naambiwa pita huku, kumbe huku ni katikati ya mashine, zulia limenyonya moshi wa usiku kucha, taa za rangi zinawaka, watu wengine hawajalala wana macho mekundu, na mimi nimejifunga mtandio wangu natafuta uji. Nilipofika kwenye meza sikuwa na hamu tena. Hakuna dirisha hata moja njia nzima, hakuna saa ukutani, na hivo ndo kasino nyingi zinavojengwa, mtu asijue kumekucha wala kumekuchwa. Toka siku ile swali langu la kwanza kwa hoteli yoyote ya aina hii ni moja, kutoka chumbani mpaka kwenye chai napita wapi?

Sasa twende Sun City yenyewe. Iko jimbo la North West Afrika Kusini, kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg ni masaa mawili na nusu hivi kwa gari. Ilifunguliwa Desemba 1979 na tajiri wa mahoteli Sol Kerzner, na sababu ya kujengwa porini kule ni historia chungu, serikali ya makaburu ilikataza kamari Afrika Kusini lakini Bophuthatswana, eneo walilowatengea Watswana, walikuwa wameitangaza eti nchi huru, basi kasino ikawekwa huko, watu wa Johannesburg wakawa wanaendesha magari kwenda kucheza. Miaka ya 80 wanamuziki wengi wa dunia walisusa kupiga pale kwa sababu hiyo. Nasema hili kwa sababu mume wangu baba yake alikuwepo Nachingwea enzi za kambi za wapigania uhuru, na mzee akiwa hai asingekubali tukanyage. Saivi ni nchi nyingine, wenyeji Watswana ndo wanakupokea na wanakuhudumia na wanaongea na wewe kwa heshima kweli.

Ndani kuna Soho, hii ndo ile ya zamani kabisa, na kasino iko upande huu. Kuna Cabanas, ya bei nafuu kidogo, karibu na ziwa lao la kuchezea. Kuna Cascades yenye bustani na maji yanayotiririka. Alafu kule juu kuna The Palace of the Lost City iliyofunguliwa 1992, vyumba 338, hii ndo kila mtu anaiona kwenye picha yenye minara. Na pembeni kuna Vacation Club, nyumba za kupangisha zenye jiko lake, watu wengi wa huku hawaijui kabisa na mi naona kwa familia ya Kiswahili ndo siri yenyewe, ntaieleza mbele. Mabasi madogo yanazunguka kutoka hoteli moja kwenda nyingine na hulipi, kwahiyo kulala jengo moja na kula jengo lingine ni kawaida.

Mama tukamweka Palace. Ni ghali, sifichi, ila tulisema mama mmoja tu. Ukiingia unakutana na ukumbi wenye kuba refu limechorwa kwa mkono, wanyama na misitu, mama alisimama hapo akainua uso akasahau magoti. Nje kuna sanamu ya tembo ukubwa wa tembo wa kweli, imetengenezwa kwa kumbukumbu ya Shawu, tembo wa mbuga ya Kruger aliyekuwa na pembe ndefu kupita mita 3. Mume wangu ni mtu wa Newala, kwao wachonga vinyago, basi alikuwa anapita anapapasa nguzo zile, nyingi ni saruji iliyotengenezwa ikafanana na jiwe la kale, na kila mahali kuna mnyama amechongwa, mkonga, kwato, manyoya. Alizunguka mpaka watoto wakachoka. Mtu wa Makonde usimpeleke pale kama una haraka.

Chumba chenyewe niseme vitu ambavyo picha haziwaambii. Kitanda kipana na kigumu cha kutosha, mtu wa mgongo analala. Mablanketi ukiomba la ziada wanaleta, na uombe, kwa sababu sisi tunaotoka pwani hatuijui baridi, mwezi wa sita na wa saba usiku kule unakaribia kuganda kabisa wakati mchana jua linawaka. Bafuni ndo pa kuuliza mapema. Kama mzazi wako hawezi kuinua mguu kuingia kwenye sinki la kuogea, andika kabisa wakati wa kubuki kwamba unataka chumba chenye bafu la kusimama na karibu na lifti. Tuliandika, tukapewa, na mama akawa anaenda kuoga mwenyewe bila kuniita. Hicho kitu kidogo kilimpa raha kuliko kuba.

Chai ya asubuhi Palace inanyweka sehemu inaitwa Crystal Court, madirisha marefu mpaka juu, unaona bustani na mwanga unaingia, na kutoka vyumbani tulifika bila kupishana na mashine yoyote. Bufee ni ndefu, matunda, mikate ya kila aina, jibini, nyama baridi, samaki wa moshi, na mpishi anasimama anakukaangia mayai mbele yako. Mama akaona kikaango ambacho kimetoka kukaanga nyama ya nguruwe kiko pale pale. Akanivuta nguo. Nikamwambia mpishi kwa upole kwamba bibi huyu ni Muislamu. Yule kijana hakuuliza mara mbili, aliweka kijiko chini, akanawa mikono, akaenda ndani akarudi na kikaango kingine kikavu kabisa na mafuta kwenye kibakuli kipya, akavunja mayai, akaweka vitunguu na nyanya, akamletea mama mezani mwenyewe na akamwinamia kidogo. Kesho yake alipomuona tu kwa mbali akafuata kile kikaango. Mi napika na kuuza chakula, najua jikoni asubuhi kukoje, wateja wamejipanga na jiko linawaka, kumfanyia mtu mmoja hivo bila kukunja uso ni malezi.

Na uji! Kwenye kona kuna uji wa mtama, Watswana ndo chakula chao, wana na ule uliochachushwa wanauita ting. Wageni wengi wanaupita wanakimbilia keki. Mama akaonja, akasema huu uji wetu, akawa anauanza huo kila siku alafu ndo mayai. Kwahiyo ukiwa pale usiruke hiyo kona, uji mzito, hauna uvimbe, una uchachu mzuri na hauchomi tumbo kama juisi za asubuhi.

Chakula cha jioni sasa. Ushauri wangu kwa watu wa pwani, samaki waacheni. Sun City iko bara kabisa, bahari mbali, na sisi tuliozoea changu aliyetoka kwenye dau asubuhi hatutakuja kuridhika na samaki wa barafu hata wamwekee mchuzi wa dhahabu. Kuleni nyama. Afrika Kusini wanajua kuchoma, wanaita braai, nyama ya ng'ombe laini inakatika kwa uma, kondoo wa kule ana harufu nzuri ya majani anayokula, na ugali wao, pap, wanaula na mchuzi wa mboga wenye pilipili unaitwa chakalaka, watoto wangu waliramba sahani. Kamba ndo wa kujaribu, mana wengi wanatajwa kwamba ni wa Msumbiji, hao jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, wakubwa, wa kuchoma na limao na kitunguu saumu.

Waislamu someni hapa vizuri. Soseji yao maarufu boerewors inaweza kuwa ya ng'ombe tupu au ikachanganywa na nguruwe, huwezi kuijua kwa macho, uliza au iache. Afrika Kusini ina Waislamu wengi toka zamani na ina taasisi za kuthibitisha halali kama SANHA, kwahiyo neno halali kule sio geni, wahudumu wanalijua. Lakini usitegemee kuuliza ukiwa umeshakaa na njaa. Sisi tuliwaandikia kabla ya safari, tukauliza ni mgahawa upi una cheti, nyama ipi, na kama wanaweza kumwandalia mtu mmoja pembeni, wakajibu kwa maandishi na majibu yale tukayachapisha tukatembea nayo. Ukionyesha karatasi mazungumzo yanakuwa mafupi.

Watoto wetu wao walishinda Valley of Waves, bwawa kubwa lenye mawimbi ya mtambo na mchanga pembeni, iko jirani na Palace. Nilidhani watoto waliokulia Shangani na Bahari ya Hindi hawatashtuka, walishtuka, kila honi ya wimbi ikilia wanakimbia wanapiga kelele. Kwenda huko kutoka upande wa burudani unapita daraja lenye sanamu za tembo kulia na kushoto, na daraja hili huwa linatikiswa kwa mitambo na moshi unatoka eti tetemeko limekuja. Mkiwa na mzee mwambieni mapema. Mama alinishika mkono akaanza kutoa shahada, ilichukua muda kumwelewesha kwamba ni michezo tu.

Na mbuga ya Pilanesberg iko hapo hapo mlangoni, ndani ya mabaki ya volkano iliyozimika miaka zaidi ya bilioni moja iliyopita, haina malaria, na gari linakuchukua hotelini alfajiri. Mtanzania utasema mbuga tunazo, sawa, ila kwa mzee asiyeweza safari ndefu za barabara mbovu, kuona faru alafu saa nne kurudi kwenye uji wa mtama ni kitu cha pekee.

Vacation Club niliyoahidi. Kama mko wengi, shangazi, wajukuu, mashemeji, Palace itawamaliza. Chukueni hizi nyumba, zina vyumba vya kulala, sebule, jiko kamili na sehemu ya kuchomea nyama nje. Mnapitia dukani njiani mnanunua nyama ya halali na mchele, mnapika wenyewe pilau lenu, alafu siku moja mnachagua mnapanda juu Palace kunywa chai ya jioni na kuzunguka. Tulimtembelea rafiki aliyefikia huko, harufu ya vitunguu inatoka dirishani, watoto wanakimbia nje, nikajisikia niko nyumbani. Kwa familia kubwa ningechagua hii bila kusita. Cascades naiona kwa wanandoa wawili wanaotaka bustani na utulivu, Cabanas kwa wenye watoto wadogo na bajeti, na Soho kwa anayetaka kuwa karibu na purukushani, ila mzee au mtu wa usingizi mwepesi simshauri kwa sababu ya kasino kuwa upande ule.

Kuhusu hela, angalieni bei mnayoonyeshwa ina chai ya asubuhi au chumba kitupu, mana hiyo tofauti kwa watu wanne watano sio ndogo, na kubukia chai pamoja na chumba kwetu ilitoka nafuu. Hoteli itazuia kiasi cha dhamana kwenye kadi mkifika, sio kwamba wamekata, itarudi, lakini kadi ikiwa na hela ya kubana bana mtaumbuka. Pigeni simu benki kabla hamjatoka muwaombe wafungue matumizi ya nje ya nchi. Katikati ya wiki bei inashuka na foleni za bufee zinapungua, na kimbieni likizo za shule za kwao, Desemba mpaka katikati ya Januari na mwisho wa Juni kuingia Julai, panajaa. Mwishoni mwa mwaka pia huwa na mashindano makubwa ya gofu, vyumba vinapotea. Kwa sisi wa korosho ambao hela inaingia minada ya Oktoba mpaka Desemba, naona Februari au Machi ndo muda wenyewe, joto bado lipo na malipo ya mwisho yameshatoka.

Nimekuwa nikiwaza sana kuhusu hoteli zetu za huku pia. Mtwara na Lindi tuna samaki ambao Palace hawawezi kuwapata kwa hela yoyote, tuna pweza, tuna ngisi, tuna ming'oko, tuna boma la Mikindani la mwaka 1895 linaloangalia maji, na bado ukilala hoteli nyingi asubuhi unapewa mkate mweupe, soseji moja na chai ya pakiti. Wenye hoteli nawaomba sana, wekeni supu ya pweza asubuhi. Wekeni mihogo ya nazi, uji wa mtama, korosho zilizokaangwa siku ile ile. Na mfundisheni mpishi wa mayai kumsikiliza mgeni, hilo halihitaji kuba wala minara wala randi za Waafrika Kusini.

Safari yenyewe, pasi ya Tanzania haihitaji viza Afrika Kusini kwa matembezi mpaka siku 90, ila bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya homa ya manjano msije mkasumbuliwa. Mtwara mnaruka mpaka Dar, laleni Dar mumpumzishe mzee, alafu chukueni ndege inayofika Johannesburg mchana ili mwende Sun City kukiwa na mwanga. Gari pangeni kupitia hoteli au kampuni inayojulikana kabla hamjafika, msije mkaanza kutafuta pale uwanjani na mabegi. Kiti cha magurudumu cha mzee kiombeni siku mnayokata tiketi, ni bure, na kwetu aliyesukuma kiti alipitishwa mbele ya foleni pamoja na familia yote, uhamiaji ilikuwa dakika chache tu tukawa nje.